Tom Mboya: Bwana afya aliyepanga fedha za maendeleo ziende wapi

KILA serikali inapokaa kuandaa mpango wa maendeleo hukutana na swali moja ambalo halina jibu rahisi. Fedha ni chache na maeneo yenye shida ni mengi. Je, fedha hizo zipelekwe kule ambako zitazaa haraka, au zipelekwe kule ambako watu wameachwa nyuma?

Kwa mkulima wa Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, swali hilo ndilo linaloamua bei ya gunia lake la mahindi au mpunga. Katika Afrika Mashariki, mtu aliyelijibu kwa maandishi bila kuficha maneno ni Thomas Joseph Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo wa Kenya katika miaka ya 1960. Watu wengi humkumbuka kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwanasiasa aliyeuawa akiwa kijana. Wachache humkumbuka kama mtu aliyesimamia waraka wa sera ambao athari zake zimeonekana kwa zaidi ya miaka 50.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la mlowezi huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria na alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo. Kijana huyo alikulia mbali na kwao, miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, na akasoma katika shule za misheni za Kikatoliki, ikiwamo Yala na baadaye Mang'u.

Karo ilipokuwa ngumu, alijiunga na chuo cha mabwana afya mjini Nairobi mwaka 1948. Alipohitimu aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, ambako aliona Mwafrika akilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu kwa kazi ileile. Hapo ndipo alipoanza kuongoza wenzake, na mwaka 1953 akiwa na miaka 23 tu alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya.

Kipindi hicho kilikuwa cha hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku na viongozi wengi walikuwa kizuizini, hivyo vyama vya wafanyakazi vikawa karibu sauti pekee iliyobaki. Mwaka 1955 Mboya alisaidia kusuluhisha mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya Mombasa na wakapata nyongeza ya mishahara. Kisha alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, kusoma kwa mwaka mmoja.

Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Nairobi. Desemba 1958 aliongoza kikao cha Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra, Ghana. Mwaka 1959 alishirikiana na marafiki zake Marekani kupeleka vijana katika vyuo vya nchi hiyo, na ndege ya kwanza iliondoka Septemba ikiwa na wanafunzi 81. Alielewa mapema kwamba uhuru bila wataalamu ungekuwa bendera tu.

Baada ya kuwa Waziri wa Kazi na kisha Waziri wa Sheria na Katiba, Desemba 1964 alikabidhiwa wizara ya mipango. Alikuwa na miaka 34.

Waraka wenyewe

Mboya aliikuta Kenya ikiwa na mpango wa maendeleo uliotolewa mwaka 1964, lakini bila maelezo ya wazi kuhusu falsafa ya uchumi wa nchi. Chama tawala cha KANU kilitangaza kufuata ujamaa wa Kiafrika, na kila kiongozi aliutafsiri kwa namna yake. Upande wa Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia ulitaka mashamba ya walowezi yagawiwe wasio na ardhi na njia kuu za uchumi zitaifishwe. Upande mwingine uliogopa kwamba mitaji ingekimbia.

Katika hali hiyo wizara iliandaa waraka ulioitwa Sessional Paper namba 10 wa mwaka 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Mwai Kibaki, mchumi aliyekuja kuwa Rais wa Kenya mwaka 2002, alikuwa msaidizi katika wizara hiyo. Mchumi wa Kimarekani, Edgar Edwards, naye alikuwa mshauri aliyekuwa na mkono mkubwa katika uandishi. Rais Jomo Kenyatta aliuzindua mwishoni mwa Aprili 1965, na Bunge likaupitisha.

Jina lilikuwa la ujamaa, lakini ndani mlikuwa na uchumi mchanganyiko. Waraka ulikataa ubepari wa Magharibi na ukomunisti wa Mashariki. Ulilinda mali binafsi, ukakaribisha mitaji ya nje na kusema utaifishaji utafanyika pale tu panapokuwa na sababu ya msingi, tena kwa fidia. Serikali ingetumia kodi, udhibiti, vyama vya ushirika na elimu ili kugawa matunda ya uchumi.

Kwa upande wa kilimo, waraka ulitaka vipande vya ardhi viunganishwe na wakulima wapewe hatimiliki ili waweze kukopa. Aidha, ulitilia shaka kuendelea kutumia fedha nyingi kununua mashamba ya walowezi. Hoja ilikuwa kwamba shamba linapotoka kwa Mzungu kwenda kwa Mwafrika, nchi imebadilisha mwenye shamba lakini haijaongeza ekari hata moja. Fedha hizohizo zikitumika kuboresha maeneo ya Waafrika, ulisema waraka, zingeongeza mavuno zaidi.

Hesabu ya pauni 100,000

Kipengele kilichozua mjadala mkubwa kuliko vyote ni kile cha mahali pa kuwekeza. Waraka ulisema fedha za maendeleo ziende pale zitakapoongeza uzalishaji kwa kiwango kikubwa zaidi. Maeneo hayo ni yale yenye ardhi nzuri na mvua, yenye usafiri na umeme, na yenye watu walio tayari kwa maendeleo.

Ulitoa mfano rahisi wa hesabu. Tuseme pauni milioni moja zikiwekezwa eneo moja zinaongeza pato kwa pauni 20,000 kwa mwaka, na zikiwekezwa eneo jingine zinaongeza pauni 100,000. Kuchagua eneo la pili kunaipa nchi pauni 80,000 zaidi kila mwaka. Kutokana na ziada hiyo, serikali inaweza kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku au mikopo nafuu.

Kwa mchumi, hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha. Tatizo liko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba hatua ya pili, ile ya kuhamisha ziada, inahitaji uamuzi wa kisiasa kila mwaka wa bajeti. Eneo lililokwishapata barabara, shule na umeme hupata pia wabunge wenye sauti na wafanyabiashara wenye ushawishi, nalo huendelea kuomba zaidi. Kaskazini mwa Kenya ilisubiri ziada hiyo kwa miongo mingi.

Jambo la pili ni kigezo cha usafiri na umeme. Vitu hivyo havikushushwa na Mwenyezi Mungu pamoja na mvua. Viliwekwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya mashamba ya walowezi na migodi. Kuvitumia kama kipimo cha eneo linalostahili ni kuupa mgawanyo wa kikoloni nafasi ya kuendelea.

Mfano wa jambo hilo upo Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi, na wala si kwa ajili ya mahindi. Sibwesa na vijiji vinavyoizunguka vina ardhi na mvua, na mahindi na mpunga hustawi. Kwa vigezo viwili vya kwanza vya waraka wa Mboya, eneo kama hilo lingefaulu. Kwa kigezo cha usafiri lingeanguka, na likishaanguka lisingepewa barabara ya kulifanya lifaulu.

Jibu la Tanzania

Tanzania ilichagua njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa 1969 hadi 1974 ulitilia mkazo vijijini na uwiano wa mikoa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kulipa bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Mpanda alipata bei sawa na wa Morogoro, na gharama ya kusafirisha ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Mkoa wa Rukwa, ambao wakati huo ulijumuisha Mpanda, ukawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hata hivyo, shirika lilizama katika madeni, na bei moja ilipoondolewa wakati wa kulegeza masharti ya biashara, mkulima wa mbali aliachwa akimsubiri mwenye lori. Bei ya umbali ambayo serikali iliificha kwa miaka ilimrudia yeye, pamoja na lumbesa.

Kwa maneno mengine, Kenya ilitumia umbali kama sababu ya kutowekeza, na Tanzania ililipia umbali bila kuupunguza vya kutosha. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru.

Mboya baada ya waraka

Si haki kumhukumu Mboya kwa kipengele kimoja. Alikubali mjadala. Julai 1965 mchumi kijana, Barack Obama, baba wa aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo hadharani katika jarida, akihoji suala la hatimiliki, umiliki wa wageni na tofauti za kipato. Mwaka 1966 mpango wa maendeleo ulitolewa upya ukiwa umepangwa vizuri zaidi. Mwaka 1967 Kenya ilianza mpango rasmi wa uzazi wa majira, jambo ambalo viongozi wengi wa Afrika waliliogopa wakati huo.

Kisiasa, mgogoro ulizidi. Odinga alijiuzulu Aprili 1966 na kuunda chama cha KPU. Mboya, aliyemshinda kwa hoja na mbinu, alibaki na maadui ndani ya KANU walioona anakaribia urais.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi na kufariki dunia akiwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halikujibiwa mahakamani.

Waraka ulibaki bila mwandalizi wake. Mboya hakupata nafasi ya kuona kama zile pauni 80,000 za ziada zingehamishwa kweli. Kenya yenyewe ilikiri pengo hilo katika Katiba ya mwaka 2010, iliyoanzisha kaunti 47 na mfuko maalumu wa kusawazisha huduma katika maeneo yaliyoachwa nyuma, unaotengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa.

Kwa wanaoandaa mipango, ikiwamo ile ya kutekeleza Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 nchini Tanzania, maisha ya Mboya yanaacha funzo la kiutendaji. Waraka mzuri hutaja wazi fedha zitaanzia wapi, kama alivyofanya yeye. Lakini ni lazima utaje pia, kwa kiasi na kwa mwaka, ni lini zitawafikia waliobaki, na nani atawajibishwa zisipofika. Mkulima anaweza kusubiri zamu yake iwapo anaijua tarehe. Asipopewa tarehe, huuza gunia lake shambani kwa bei atakayotajiwa.