Kariuki Niliyemchagua

Darasani mwetu tuko akina Kariuki watatu. Mwalimu akiita, twaitika pamoja na kicheko chazuka! Mwenzetu mkimbiaji alijitwalia Julius Kariuki, aliyeshinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Seoul mwaka 1988. Wa pili, mpenda siasa, akamchukua GG Kariuki wa Laikipia. Mimi wa Kihoto nikamchagua JM, na sijuti hata kidogo.

Kwa kweli Kariuki lilikuwa jina la babake. Yeye aliitwa Josiah Mwangi. Kwa Kikuyu, Kariuki ni aliyefufuka, na kihoto ni haki.

JM alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, Nakuru, kwa wazazi maskwota. Shule aliiacha mapema akafanya kazi katika shamba la mzungu. Mwaka 1946 alibahatisha pesa kwenye mbio za farasi, akashinda, akarudi darasani! (Walimu wangu, sihimizi kamari.) Baadaye akasomea Budo, Uganda.

Alirejea Oktoba 1952, hali ya hatari ikiwa ndiyo kwanza imetangazwa. Mwaka uliofuata alikamatwa, akazungushwa kambi hadi kambi kwa miaka saba. Humo kizuizini aliandika barua za siri kulalamikia mateso, akapigwa vibaya kwa sababu ya barua hizo. Jamani, sisi insha moja tu yatushinda! Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu kambi hizo.

Baada ya uhuru akawa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Alikuwa tajiri, tena mpenda farasi vilevile, lakini hakuchoka kuwasema wakubwa waliojilimbikizia ardhi huku maskini wakikosa hata pa kulima. Hilo halikuwafurahisha wengi.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana mara ya mwisho akitoka Hoteli ya Hilton, Nairobi. Maiti yake ilipatikana vilimani Ngong. Bunge liliunda kamati, ripoti ikatolewa mwaka huohuo, lakini hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Alizikwa Gilgil, hapo tunapopita na matatu tukienda Nakuru.

Likizoni nilimwuliza guka wangu kama alimkumbuka JM. Akazima redio. Akainuka, akachungulia nje, akafunga mlango, ndipo akaketi kunisimulia. Na ni nusu karne imepita.