Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Mwaminifu Katika Msiba na Katika Kungoja

Msafiri aondokaye bandari ya Mwanza kwenda Nansio hufika Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Huko aliishi Aniceti Kitereza, katekista na mwandishi, ambaye wengi wetu tunalifahamu jina lake kwa sababu ya kitabu chake. Leo twapenda kuyatazama pia maisha yake, kwa kuwa yana neno kwa kila familia iliyofiwa.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Abakama, watawala wa Wakerewe. Alifiwa na baba yake angali mtoto, akalelewa katika makao ya Omukama Mukaka, aliyekuwa ndugu wa ukoo wake. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimpokea katika shule ya misheni ya Kagunguli, naye akabatizwa. Kutoka hapo alipelekwa Seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, akasoma Kilatini, Kijerumani, falsafa na mambo ya dini. Hata hivyo hakufikia upadre. Mwaka 1919 alikuwa amerudi katika maisha ya walei, akafunga ndoa na Anna.

Hapo ndipo msalaba wao ulipowakuta. Mungu aliwajalia watoto, lakini wote walifariki wakiwa wadogo. Nyumba iliyotarajia vicheko ikabaki kimya. Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa hili twajua uzito wa jambo hilo. Mtu asiye na mtoto huulizwa maswali msibani na harusini, hunong'onwa kisimani, na mara nyingi mume hushauriwa na ndugu zake aoe mke mwingine. Kitereza alikuwa mtu wa ukoo wa watawala, na katika desturi za siku zile hakuna ambaye angemshangaa kama angefanya hivyo. Alibaki na Anna wake. Naye Anna, miaka ilivyozidi kwenda, aliteswa na maradhi ya viungo, na mumewe akaendelea kuwa naye.

Huko Kagunguli Kitereza aliitumikia misheni, akitafsiri mafundisho ya dini kwa Kikerewe. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo aandike pia habari za mababu, maana wazee waliozifahamu walikuwa wakiaga dunia mmoja baada ya mwingine. Kitereza aliandika, na mwaka 1945 akakamilisha mswada mkubwa kwa lugha ya Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka.

Na tuangalie alichokichagua kukieleza. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu za mume wanamdhihaki mke, hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anafunga safari kwa wakwe kumwomba mkewe, anatozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anailipa. Baada ya subira ndefu na matibabu mengi wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Hata katika furaha hiyo mwandishi hakusahau machozi. Jina la mwana lina maana ya mtu anayeishi na kifo siku zote, na jina la binti linauliza huzuni itakwisha lini. Baba aliyewazika watoto wake aliyaandika majina hayo kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha ukaja msiba wa aina nyingine, ule wa kungoja. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na hakupatikana mchapishaji. Padre Simard alihangaikia mswada huo, akafariki kabla haujachapwa. Miaka ikapita, ishirini na zaidi. Katika uzee wake, akihimizwa na Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti kutoka Marekani waliofika kisiwani, Kitereza aliketi tena na kukitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikichapisha mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee alifariki, na nakala za kitabu zilikuwa hazijamfikia. Baadaye kikatafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Ndugu wapendwa, tujihadhari tusiseme kwamba Mungu aliwatwaa watoto wale ili kitabu kipatikane. Hakuna kitabu kinacholingana na mtoto, na Ayubu atufundisha kuwaogopa wafariji wenye majibu mepesi. Tunachokiona kwa Kitereza ni kwamba uchungu haukumfanya mchungu. Upendo ambao watoto wake hawakuishi kuupokea aliwapa mkewe, misheni yake na watu wake. Hakuuona mwisho wa kazi yake, na bado aliifanya vema. Huko ndiko kukomaa katika imani.

Katika jumuiya zetu ndogondogo wamo akina Aniceti na Anna. Wapo wanandoa wasio na watoto, na wapo waliofiwa na watoto. Tunapowatembelea, tuache kuwauliza sababu na tuache kumpa mume ushauri unaomvunja mke. Tusali nao kama wazee wetu walivyosali, tukiwakumbuka Abrahamu na Sara, Zakaria na Elizabeti. Nao wanaolia tuwaambie kwa upole kwamba nyumba yao ni kanisa la nyumbani, na kwamba upendo wao una kazi ya kufanya.

Bwana ampokee mtumishi wake Aniceti pamoja na watoto wale aliowatangulizia kwa machozi.