Hassan Fathy na Nyumba ya Mkulima wa Bariadi

Ukiniuliza msanifu ninayemkubali kuliko wote, sitakutajia wa maghorofa ya vioo. Nitakutajia Mmisri aliyefariki mwaka 1989, kabla wengi wetu hatujazaliwa: Hassan Fathy. Mimi ni mtoto wa Bariadi, nasoma usanifu majengo, na kwa mkoa wetu wa Simiyu sijaona mwalimu anayetufaa kama mzee huyu.

Alizaliwa Alexandria mwaka 1900 kwenye familia ya wenye mashamba, lakini ya kijijini hakuyajua. Alihitimu Cairo mwaka 1926, na ni baada ya hapo ndipo alipofika kwenye shamba la kwao na kukuta wakulima wanaishi kwenye vibanda vibovu, vyenye giza. Jambo lile likamkaa rohoni. Mtu asiye na hela ya saruji, nondo wala mbao atajengaje nyumba ya heshima?

Kuta hazikuwa shida. Tofali la udongo la kukaushwa juani lipo Misri tangu enzi za Mafarao. Shida ilikuwa paa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao na chuma viliadimika, na matao ya udongo aliyojaribu kujenga yakaporomoka. Mwaka 1941 akaenda Aswan, akawakuta mafundi wa Kinubi wakifunika nyumba kwa udongo huohuo bila ubao hata mmoja. Wanaanzia ukuta wa nyuma, wanapanga tofali nyembamba zikiuegemea, kisha kila tao linaegemea lililotangulia mpaka chumba kinafunikwa. Mhadhiri mzima akajifunza kwa mafundi wa kijijini, kisha akawaajiri. Hapo ndipo nilipompenda.

Mwaka 1945 akapewa kazi ya kujenga Gourna Mpya, ng'ambo ya mto Nile kutoka mji wa Luxor, kwa ajili ya watu wapatao 7,000 waliokuwa wanaishi juu ya makaburi ya kale. Akachora msikiti, soko, shule na nyumba zenye ua wa ndani wa kivuli. Wenyeji wakagoma kuhama. Makaburi yale yalikuwa riziki yao, na uamuzi wa kuwahamisha haukuwa wao. Kazi ikasimama baada ya miaka michache, sehemu tu ya kijiji ikiwa imejengwa. Kitabu alichokiandika kuhusu Gourna kilitoka 1969 na kumpa jina duniani, tuzo nazo zikafuata. Wengi wa aliowachorea hawakuja.

Sasa tuje nyumbani. Usukumani miti ilifyekwa kupisha mashamba ya pamba na malisho, nyingine ikaishia kuwa kuni. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulianza mradi wa HASHI wa kurudisha uoto, na watu wakafufua ngitili zao. Lakini matanuru ya tofali za kuchoma bado yanakula magogo. Juu tunapiga bati: mchana ndani ni tanuru jingine, na mvua ikinyesha hamsikilizani.

Je, tuhamishie matao ya Kinubi Bariadi? Hapana jamani. Aswan mvua karibu haipo. Kwetu masika moja tu, udongo mtupu unarudi shambani. Halafu mzazi amevuna pamba misimu mingapi ili atoke kwenye nyasi aingie kwenye bati? Bati kwake ni heshima. Mwambie arudi kwenye udongo, atakutimua.

Kwa hiyo tuchukue namna Fathy alivyofanya kazi kule Aswan: kuuliza kilichopo, na nani anajua kukitumia. Kwetu zipo tofali za kufungamana, udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, hazihitaji tanuru wala gogo. Bati libaki, ila liwe na dari chini yake, madirisha yanayotazamana, baraza pana na tangi la kuvunia maji.

Na tukumbuke Gourna. Mchoro ulikuwa mzuri, na bado watu waligoma. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni nyumba ya mkulima wa pamba. Kabla sijawasha kompyuta, nitakaa na fundi wa mtaani, halafu na mama mwenye nyumba. Jiko likae wapi, atasema yeye.