Habari za Maisha ya Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi, na Saburi Yake

Katika kijitabu hiki cha yubilei ya dayosisi yetu mtasoma habari za watu waliotutangulia katika kazi ya Injili: waliojenga makanisa, waliofundisha watoto kusoma, na waliouguza wagonjwa. Sisi wa Nduguti tumeona vema kuandika habari za mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mwalimu wa dini, bali alikuwa askari na mkimbiaji. Jina lake ni Abebe Bikila, mtu wa Uhabeshi, nchi iitwayo siku hizi Ethiopia. Sababu yetu ni hii: yubilei ni kuhesabu miaka, na kila ahesabuye miaka huona ya kuwa walioanza ni wengi kuliko waliodumu. Mtume Paulo naye, alipotaka kuwafundisha Wakorintho habari ya kudumu, aliwakumbusha mashindano ya mbio, kwa kuwa karibu na mji wao yalikuwako mashindano makubwa, nao waliyajua sana. Basi twafuata njia iyo hiyo.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchi ya Shewa, naye alikuwa wa kabila la Waoromo. Uhabeshi ulipokea Ukristo zamani sana, katika karne ya 4, wakati wa Mfalme Ezana wa Aksum. Hata mchezo alioupenda Abebe utotoni, wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopindika, huitwa gena, na jina hilo ndilo jina la sikukuu ya Noeli kwao. Alipokuwa mtoto mdogo, mwaka 1935, majeshi ya Italia yaliingia katika nchi yao kwa vita, na jamaa yake ikalazimika kuhama. Mwaka 1937 Waitalia walichukua kutoka Aksum nguzo ndefu ya jiwe, kazi ya wafalme wa kale, wakaisimamisha katika mji wa Rumi iwe alama ya ushindi wao. Msomaji aikumbuke nguzo hiyo, kwa maana tutaikuta tena mbele.

Alipokuwa kijana Abebe alikwenda Addis Ababa, akaandikwa katika askari walinzi wa Kaisari Haile Selassie. Huko alikutana na mwalimu wa michezo aliyetoka Sweden, jina lake Onni Niskanen, aliyemfundisha kwa uangalifu mwingi. Abebe alizoea kukimbia toka vilima vya Sululta hata mjini, mwendo wa kilometa 20, kisha kurudi. Kazi hiyo aliifanya bila kutazamwa na watu, na bila kupigiwa makofi. Twataka vijana wetu walitie jambo hili moyoni, kwa sababu watu huona siku ya kushinda tu, wala hawazioni asubuhi nyingi za baridi zilizoitangulia.

Mwaka 1960 alipelekwa Rumi katika Michezo ya Olimpiki, kushindana katika mbio ndefu ziitwazo marathoni, ambazo mwendo wake ni kilometa 42 na zaidi kidogo. Wengi husimulia ya kuwa alikimbia miguu mitupu kwa sababu ya umaskini. Sivyo. Viatu vilikuwako, lakini vilimbana na kumwumiza, naye alikuwa amezoea kukimbia bila viatu. Kwa hiyo akaviacha. Miaka minne baadaye alikimbia akiwa amevaa viatu, akashinda vile vile. Basi ushindi wake haukutoka katika viatu wala katika kukosa viatu, bali katika mazoezi ya siku zote.

Mbio hizo zilikimbiwa tarehe 10 Septemba, zikaanza jioni kwa kuogopa joto, hata usiku ukawakuta wakimbiaji njiani. Askari walisimama kando wameshika mienge ili kuwamulikia. Sehemu moja ya safari ilikuwa katika Njia ya Apio, ndiyo njia ya kale ambayo Mtume Paulo aliletwa kwayo Rumi akiwa mfungwa. Abebe alikwenda sambamba na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, hata wakaifikia ile nguzo ya Aksum. Hapo, mbele ya jiwe la baba zake, Abebe aliongeza mwendo na kumwacha mwenzake. Akamaliza peke yake penye tao la Kaisari Konstantino, yule aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Saa zake zilikuwa 2, dakika 15 na nukta 16, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia mwendo huo kwa muda mfupi hivyo. Naye alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Ile nguzo nayo ilirudishwa Aksum mwaka 2005.

Lakini mtu asidhani ya kuwa toka siku ile alishinda daima. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akawa wa tano. Mwaka 1964, zikiwa zimebaki wiki tano tu kabla ya mbio za Tokyo, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa. Hata hivyo tarehe 21 Oktoba alikuwako miongoni mwa wakimbiaji, akawatangulia wote kwa zaidi ya dakika nne. Alipokwisha kufika akalala chini penye majani, akajinyosha viungo, kana kwamba kazi bado. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Sasa twafika mahali pagumu. Mwaka 1968 Michezo ilifanyika katika mji wa Mexico. Abebe alianza mbio akiwa na maumivu ya mguu, na baada ya kilometa 17 hivi hakuweza tena, akatoka njiani. Mwenziwe wa Uhabeshi, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Katika mbio zizo hizo alikuwako mtu wa nchi yetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu, jirani zetu. Yeye alianguka, akaumia goti vibaya. Lakini aliinuka, akaendelea kwa kuchechemea, akafika wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, watu wengi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Habari za Akhwari husimuliwa sana kwetu, na ni haki zisimuliwe.

Lakini je, tuseme nini juu ya Abebe? Yumkini mtu atasema: Akhwari ana saburi, bali Abebe alikata tamaa. Sisi hatukubali kuhukumu hivyo. Mwenye kupima saburi ya mtu kwa siku moja amechukua kipimo kifupi. Tazameni yaliyofuata.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha motakaa yake, ikapinduka, naye akanaswa ndani yake mpaka asubuhi. Alipotolewa hakuweza kujongeza mikono wala miguu. Akapelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako waliwatunza hasa watu walioumia uti wa mgongo, akakaa huko miezi minane. Mikono yake ilipata nguvu tena. Miguu yake, ile iliyopita juu ya mawe ya Rumi, haikutembea tena kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu.

Watu walipomwuliza habari ya msiba huo, alijibu ya kuwa ushindi wake ulikuwa mapenzi ya Mungu, na ajali yake vile vile, naye ameupokea huu kama alivyoupokea ule. Hatusemi kwamba Mungu hufurahi mtu akivunjika. Ayubu alilia, na Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Twasema hivi tu: Abebe hakumshukuru Mungu wakati wa nishani ili amkane wakati wa kitanda. Huko ndiko kumaliza mbio.

Wala hakukaa tu akingojea kuhurumiwa. Mwaka 1970, akiwa katika kiti cha magurudumu, alishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale katika michezo ya watu wenye ulemavu huko Uingereza. Mwaka 1971 alikwenda Norway, nchi ya wamisionari wale waliojenga hospitali ya Haydom, ambayo wagonjwa wetu wengi waijua. Huko, mtu wa nchi ya jua alishindana katika mbio za sleji juu ya theluji, akashinda. Mwaka 1972 alialikwa Munich kutazama marathoni, na alipoonekana katika kiti chake umati wote ulisimama kwa heshima. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 41, akazikwa Addis Ababa kwa heshima za kijeshi. Kaisari alitangaza siku ya maombolezo kwa nchi nzima. Aliacha mke na watoto wanne.

Ndugu zetu, habari hizi zatugusa sisi wa hapa. Katika mitaa yetu wako wazee walioanza kazi ya uinjilisti kwa miguu. Walitoka alfajiri kabla ya umande kukauka, wakavuka mbuga na makorongo ili kufundisha watu wachache chini ya mti. Leo magoti yamewakatalia. Wengine hawafiki hata kanisani, ila waletwe kwa baiskeli. Ni rahisi sana, katika siku kuu kama hii, kuwapigia vigelegele wale waliosimama mbele, na kuwahesabu waliolala nyumbani kuwa wamekwisha. Nao wenyewe huanza kujihesabu hivyo, na hapo imani ya mtu huingia hatarini, kwa kuwa aliyezoea kumtumikia Mungu kwa miguu aweza kudhani ya kuwa Mungu hana kazi nyingine kwake.

Kwa hiyo twaomba kila mtaa ufanye jambo moja katika mwaka huu wa yubilei. Mtafuteni mzee wa namna hiyo. Msimpelekee unga na sukari tu, bali mpelekeeni kazi. Watoto wa mafundisho na waende mlangoni pake, awafundishe akiwa amekaa. Wagonjwa na waandikwe majina, apewe awaombee. Abebe alipopoteza miguu alipewa upinde, akajua ya kuwa angali mshindani. Mzee wetu naye na apewe upinde wake.

Nanyi vijana mkimbiao katika uwanja wa shule, kimbieni kwa nguvu, wala msione haya kuipenda michezo. Mwili ni kipawa cha Mungu, na mazoezi humfundisha mtu kuitawala nafsi yake. Lakini jiulizeni mapema, miguu ingali na nguvu: nikinyang'anywa nishani, nikinyang'anywa na miguu pia, nitabaki na nini? Abebe Bikila alibaki na Mungu wake, na mikono miwili, na moyo usiokubali kulala. Navyo vilimtosha mpaka mwisho wa mwendo wake.

Bwana atupe saburi ya namna hiyo, sisi sote, tuendao na tukaao. Amina.