Jenerali Aguiyi-Ironsi na Amri Iliyofuta Majimbo

Katika vyuo vya maofisa wa jeshi, miongoni mwa masomo ya awali tunayofunzwa ni kwamba kikosi kimoja hakiwezi kuwa na makamanda wawili. Amri hutoka mahali pamoja, hushuka ngazi kwa ngazi, na kila askari hujua ampigie nani saluti. Somo hilo ni la haki kambini. Lakini dola si kambi, na maisha ya marehemu Meja Jenerali Johnson Aguiyi-Ironsi, askari wa kwanza kuitawala Nigeria, yanatuonya kuhusu tofauti hiyo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1924 katika eneo la Umuahia, mashariki mwa Nigeria, akiwa wa kabila la Waibo. Mwaka 1942 aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi cheo cha sajini meja, kisha akapelekwa Uingereza kusomea uofisa na kupata kamisheni mwaka 1949. Mwaka 1960, Kongo ilipowaka moto, aliongoza batalioni ya Nigeria huko Kivu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1964 alikabidhiwa uongozi wa majeshi yote ya Umoja huo nchini Kongo, na mwaka 1965 akawa Mnigeria wa kwanza kuwa mkuu wa jeshi la nchi yake.

Nchi aliyoitumikia ilikuwa shirikisho. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1963, Serikali ya Shirikisho mjini Lagos ilishika ulinzi, mambo ya nje, sarafu na forodha. Yapo mambo ambayo pande zote mbili ziliruhusiwa kuyatungia sheria, na yale yasiyotajwa yaliachiwa majimbo. Majimbo yalikuwa manne: Kaskazini, Magharibi, Mashariki na Magharibi ya Kati. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake, Waziri Kiongozi wake, watumishi wake wa umma na hata katiba yake. Nusu ya mrabaha wa madini ilirudi katika jimbo yalikochimbwa.

Mizani hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Jimbo la Kaskazini peke yake lilikuwa na eneo kubwa kuliko majimbo mengine yote yakijumlishwa, na zaidi ya nusu ya viti vya Bunge la Shirikisho. Watu wa Kusini waliogopa wingi wa Kaskazini. Watu wa Kaskazini waliogopa elimu ya Kusini, iliyotangulia sana kwa sababu shule za kisasa zilianzia huko. Kila upande uliliona jimbo lake kuwa ndiyo ngao yake.

Tarehe 15 Januari 1966 kundi la maofisa vijana liliasi. Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, Waziri Kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello, mwenzake wa Magharibi Samuel Akintola na maofisa kadhaa wa ngazi za juu waliuawa. Ironsi, ambaye hakuwa miongoni mwa waasi, aliyakusanya majeshi ya Lagos na kuuzima uasi huo, na siku iliyofuata mawaziri waliosalia wakamkabidhi madaraka. Hata hivyo, wengi wa waasi walikuwa Waibo, ilhali wengi wa waliouawa walikuwa wa Kaskazini na Magharibi. Waasi walitiwa kizuizini lakini hawakuhukumiwa. Shaka ikaota mizizi.

Ironsi aliamini kwamba ukabila wa majimbo ndio ugonjwa wa nchi, na Wanigeria wengi wasomi waliamini hivyo pia. Aliunda kamati ya kuichunguza katiba. Lakini kabla haijamaliza kazi, tarehe 24 Mei 1966 alitangaza Amri Namba 34. Nigeria haikuwa shirikisho tena. Majimbo yaligeuzwa kuwa makundi ya mikoa, na utumishi wa umma ukaunganishwa chini ya mamlaka moja ya taifa.

Kwa jicho la kiaskari, amri hiyo ilikuwa safi. Kwa karani wa Kaduna, ilikuwa na maana nyingine: kwamba nafasi yake ya kazi ingeshindaniwa na kila mwenye cheti kutoka Kusini, na kwamba ngao yake imeondolewa bila yeye kuulizwa. Siku chache baadaye ghasia zilizuka katika miji ya Kaskazini, na mamia ya watu, wengi wao Waibo, wakauawa.

Jenerali alifunga safari ya kuzunguka nchi ili kueleza nia yake. Tarehe 28 Julai alikutana na watawala wa jadi mjini Ibadan. Usiku huo askari wa Kaskazini waliasi. Tarehe 29 alikamatwa katika nyumba ya mwenyeji wake, Gavana wa kijeshi wa Magharibi, Luteni Kanali Adekunle Fajuyi, ambaye husimuliwa kwamba alikataa kumwacha mgeni wake. Wote wawili waliuawa.

Mrithi wake, Yakubu Gowon, aliirudisha Nigeria katika shirikisho kuanzia tarehe 1 Septemba. Amri Namba 34 iliishi siku mia moja tu. Lakini imani ilikuwa imekwisha vunjika: mauaji yaliendelea, majimbo 12 yakaundwa tarehe 27 Mei 1967, Biafra ikajitenga siku tatu baadaye, na vita vikadumu hadi Januari 1970.

Jambo la kuzingatia ni kwamba madaraka mengi aliyoyataka Ironsi yalihamia kwenye kitovu polepole baada yake. Majimbo yaliongezeka hadi kufikia 36 mwaka 1996, madogo na dhaifu kuliko yale manne. Nusu ile ya mrabaha ilipunguzwa; Katiba ya mwaka 1999 ilipotoka, ilitaja kiwango kisichopungua asilimia 13.

Sisi tuliovaa sare hatuna budi kulitafakari hilo. Umoja ni nguvu, kama walivyonena wahenga. Lakini mipaka ya madaraka kati ya taifa na majimbo ni ahadi iliyowekwa baina ya watu wanaoogopana. Atakaye kuibadili sharti kwanza aiondoe hofu iliyoizaa, na hofu haitii amri. Jenerali Ironsi alikuwa askari hodari. Alilipa kwa uhai wake kosa la kuiamuru nchi kama batalioni.