Cicero na Watu wa Sisilia

Mtumishi wa serikali anayepelekwa kufanya kazi kisiwani, mbali na makao makuu, huweza kudhani kwamba wema wake hautaonekana na ubaya wake hautajulikana. Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya Marcus Tullius Cicero, Mrumi aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwani yanaonyesha kuwa dhana zote mbili hizo ni za kujidanganya.

Cicero alizaliwa mwaka 106 kabla ya Kristo katika mji mdogo wa Arpinum, kusini-mashariki ya Roma. Ukoo wake ulikuwa na mali ya kutosha, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika madaraka makubwa katika dola. Siku zile vyeo vilizunguka baina ya koo chache za mabwana, na aliyetaka kupanda bila ya jina la babu hakuwa na silaha ila elimu na ulimi wake. Cicero alisomea sheria na ufasaha wa kusema, akawa wakili.

Mwaka 75 K.K. alipelekwa Sisilia kuwa mweka hazina, akakaa Lilybaeum, magharibi ya kisiwa. Sisilia ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kutawaliwa na Roma nje ya bara la Italia, na wakulima wake walitozwa fungu la kumi la mavuno ili mji mkuu upate kula. Mwaka ule Roma ilikuwa na uhaba wa chakula. Cicero alipeleka shehena kubwa za ngano, wala hakumpunja mkulima au mfanyabiashara, na wenyeji walimheshimu sana. Akirejea kwao, aliteremka katika bandari ya Puteoli akiamini kwamba Roma nzima inazungumza habari zake. Mtu mmoja alimwuliza ametoka Roma lini. Mwingine, aliyejidai kujua, alidhani ametoka Syracuse, upande wa pili wa kisiwa!

Mji mkuu haukujua, lakini kisiwa kilijua. Kuanzia mwaka 73 hadi 71 K.K. Sisilia ilitawaliwa na liwali aitwaye Gaius Verres. Huyu aliwaachia watoza kodi wadai ngano kwa kiasi walichotaka, aliuza hukumu, na alichukua sanamu na vyombo vya fedha katika mahekalu na nyumba za watu. Kwa hesabu alizozitoa Cicero baadaye, wakulima wa Leontini walipungua kutoka 84 hadi 32 katika miaka hiyo mitatu. Raia mmoja wa Kirumi, Gavius, alichapwa viboko hadharani mjini Messana, kisha akasulubiwa akiielekea Italia ng'ambo ya mlango wa bahari, ingawa alilia kwamba yeye ni raia na sheria inamlinda.

Wenyeji walipotafuta wa kuwasemea, walimkumbuka mweka hazina wao wa zamani. Cicero alizunguka kisiwani kwa siku 50 akikusanya mashahidi na madaftari ya hesabu. Kesi ilianza Agosti mwaka 70 K.K. Wakubwa waliomkingia kifua Verres walitaka kuichelewesha mpaka mwaka wa pili, kwa kuwa watu wao walikwisha chaguliwa kushika vyeo vya juu. Cicero akaacha hotuba ndefu za desturi, akawaleta mashahidi papo hapo. Haikuchukua siku nyingi Verres akakata tamaa, akakimbilia Massilia, ambayo leo ni Marseille ya Ufaransa.

Laiti habari ingeishia hapo! Mwaka 63 K.K. Cicero alikuwa konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa dola. Aligundua njama ya kuipindua serikali, na baada ya mashauri ya Baraza la Seneti aliamuru raia watano wanyongwe bila ya kufikishwa mahakamani. Hatari ilikuwa ya kweli, lakini sheria iliyovunjwa ilikuwa ya kuwalinda raia kama ile aliyoililia kwa ajili ya Gavius. Mwaka 58 K.K. jambo hilo lilimpeleka uhamishoni. Alirudishwa mwaka uliofuata, ila nguvu zake hazikurudi kama zamani. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 K.K. watu wa Marcus Antonius walimwua yeye mwenyewe bila ya hukumu, na kichwa chake na mikono yake vikawekwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia.

Sisi tunaona kwamba watu wa Sisilia wana la kuwafunza wananchi: hawakuishia kunung'unika barazani, bali walitoa madaftari yao na kusimama mbele ya mahakama. Watumishi wa serikali nao wana la kujifunza kwa Cicero katika sura zake zote mbili. Kazi njema aliyoifanya kisiwani, ambayo makao makuu hayakuiona, ndiyo iliyomjengea jina. Na sheria aliyoiruka siku ya hatari, akidhani kwamba mara moja hiyo haina madhara, ndiyo ambayo siku yake ilipofika hakuikuta imsitiri.