T.P. O'Connor: Mwanahabari aliyeshika mkasi wa filamu

THOMAS Power O'Connor, mzaliwa wa Athlone, Ireland, mwaka 1848, aliingia katika Bunge la Uingereza mwaka 1880 akipigania Ireland ijitawale. Mwaka 1888 alianzisha gazeti la The Star jijini London.

Sheria ya sinema ya mwaka 1909 ililenga kuzuia moto, si kulinda maadili, kwa kuwa mikanda ya nitreti iliwaka upesi. Hata hivyo, halmashauri zilizotoa vibali vya kumbi zilianza kuamua pia filamu zipi zionyeshwe. Wenye filamu, wakichelea kila mji kuwa na amri yake, waliunda bodi yao ya ukaguzi mwaka 1912.

O'Connor alikabidhiwa bodi hiyo mwaka 1916. Aliorodhesha sababu 43 za kukata au kuzuia filamu, zikiwamo ukatili kwa wanyama, migogoro ya matajiri na wafanyakazi, na kuwaonyesha vibaya maofisa wa Uingereza nchini India. Hivyo, mtetezi wa Ireland akawa mlinzi wa heshima ya dola ileile.

Alifariki dunia Novemba 1929, angali mbunge na mkuu wa bodi hiyo.